Ndege wa Mbali na Kuku wa Nyumbani

Kila mwaka, mwezi wa Septemba unapokwisha, wageni huanza kushuka katika mabwawa yetu. Wengine ni bata wa mwitu, wengine ni ndege wenye miguu mirefu watembeao matopeni, na wengine ni korongo weupe waonekanao wakitafuta panzi katika mashamba yaliyolimwa. Hawa si ndege wa hapa. Wametoka Ulaya, Urusi na Siberia, ambako baridi kali imeanza kugandisha maziwa, nao wamesafiri kilomita elfu nyingi ili kutafuta chakula na joto. Watakaa nasi mpaka Machi au Aprili, kisha watarudi kwao kutaga mayai na kulea makinda.

Mkulima wa Mwea huwaona katika mashamba ya mpunga. Mkulima wa Makima na Kiritiri huwaona Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yale mabwawa matano ya mto Tana. Mkulima wa Timau huwaona katika mabwawa ya kumwagilia mashamba. Wengi wetu hatuwajali sana, maana hawatutii hasara kama kwelea, wala hawanyakui vifaranga kama mwewe.

Lakini katika miaka hii watu wamesikia habari za homa ya ndege, na wengi huuliza: Je, ndege hawa wa mbali waweza kutuletea ugonjwa huo? Na kama waweza, mkulima afanye nini? Awapige? Awatilie sumu? Au auze kuku wake wote upesi kabla hawajafa? Swali hili lastahili jibu la taratibu, maana mwenye kujibu kwa haraka aweza kujiletea hasara kubwa kuliko ugonjwa wenyewe.

HOMA YENYEWE NI NINI

Homa ya ndege ni ugonjwa uletwao na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Si ugonjwa mpya. Huko Italia, mwaka 1878, mtaalamu mmoja aliandika habari za tauni iliyowaua kuku kwa wingi mno. Mwaka 1955 wataalamu walithibitisha kwamba tauni ile ya kuku na mafua ya binadamu ni za jamaa moja ya virusi.

Aina zake ni nyingi, nazo hupewa majina ya herufi na tarakimu, kama H5N1 na H5N8. Nyingi ni dhaifu: kuku hupunguza mayai, au hakohoa kidogo, akapona. Lakini aina za H5 na H7 zina tabia mbaya. Zikiingia katika kundi kubwa la kuku waliobanana, zikapita kutoka kuku mmoja hadi mwingine, zaweza kugeuka na kuwa kali sana. Hapo ndipo kuku hufa kundi zima kwa muda wa siku chache.

H5N1 ya siku hizi ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1996, katika bata bukini wa shamba moja la mkoa wa Guangdong, China. Mwaka uliofuata iliingia Hong Kong, ikawashika watu 18, na 6 kati yao wakafa. Tangu mwaka 2003 watu zaidi ya 900 duniani wamethibitishwa kuambukizwa, na karibu nusu yao wamekufa. Wengi wao walikuwa wameshika, wamechinja au wamenyonyoa kuku wagonjwa kwa mikono yao wenyewe. Hata sasa ugonjwa huu hauambukizi kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu, na hofu ya madaktari ni kwamba virusi vyaweza siku moja kujifunza njia hiyo. Mwezi wa Machi 2024 iligunduliwa kwamba vimeingia hata katika ng'ombe wa maziwa huko Marekani, jambo ambalo wachache walilitazamia.

JINSI NDEGE WANAVYOUCHUKUA

Wenyeji wa asili wa virusi hivi ni ndege wa maji: bata wa mwitu, mabata bukini, shakwe, buabua, na ndege watembeao matopeni. Bata wa mwitu aweza kuwa na virusi tumboni mwake asiugue hata kidogo. Huruka, hula, huogelea, na kila anyapo huviacha majini. Katika kinyesi kilicho mahali pa baridi kali, kama nyuzi 4, virusi vyaweza kuishi zaidi ya siku 30. Katika joto la nyuzi 22 huishi siku chache tu. Jua kali huviua, sabuni huviua, na moto wa jikoni huviua. Hiyo ndiyo bahati yetu sisi watu wa nchi ya joto, ingawa watu wa Timau na wa miteremko ya Mlima Kenya wasisahau kwamba kwao ni baridi.

Twajuaje kwamba ndege hawa hutoka mbali? Tangu mwaka 1969 wataalamu wamekuwa wakiwanasa ndege wasafiri usiku huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, na kuwavika pete ndogo mguuni zenye namba. Wameisha kuvikwa pete mamia ya maelfu, na baadhi yao wamepatikana baadaye huko Urusi na nchi nyingine za kaskazini. Ndege wa Ngulia wengi ni wadogo wa vichakani, si bata, lakini safari ni ile ile: hewani hakuna mpaka wala kizuizi cha polisi.

Ni kweli pia kwamba ndege wa mwitu wenyewe huumizwa na homa hii. Mwaka 1961 buabua zaidi ya elfu moja walikufa katika pwani ya Afrika Kusini, na hapo ndipo virusi vya homa ya ndege vilipopatikana mara ya kwanza katika ndege wa mwitu. Mwaka 2005 ndege zaidi ya 6,000 walikufa katika ziwa Qinghai, China. Mwezi wa Januari 2021 mwari 750 walikutwa wamekufa katika hifadhi ya Djoudj, Senegal. Basi ndege wa mwitu si adui aliyekuja kwa makusudi. Yeye ni mchukuzi, na mara nyingine ni maiti wa ugonjwa ule ule.

MAMBO YALIYOTUKARIBIA

Afrika ilifikiwa na H5N1 mwezi wa Februari 2006, katika shamba la kuku huko Kaduna, Nigeria. Mwaka huo huo ugonjwa ulionekana Misri, Niger, Kamerun, Burkina Faso, Kodivaa, Sudan na Jibuti. Hapa Kenya haukuingia wakati ule, lakini hofu iliingia. Serikali ilizuia kuku kutoka nchi za nje, na watu wengi wakaacha kula kuku kabisa. Bei ilianguka, na wafugaji walipata hasara kwa ugonjwa ambao haukuwamo nchini. Hili ni somo la kwanza: habari zisizo kamili zaweza kumwangusha mkulima kama ugonjwa wenyewe.

Mara ya pili ulitukaribia zaidi. Mwezi wa Januari 2017, wavuvi na watu wa pwani ya Ziwa Viktoria, upande wa Lutembe karibu na Entebbe, Uganda, waliona buabua wengi wamekufa. Hawa ni ndege wadogo wenye mabawa meupe, wageni wa kutoka kaskazini. Waliona pia bata na kuku wa nyumbani wakifa katika wilaya ya Masaka. Mizoga ilipopimwa, aina ya H5N8 ilipatikana. Serikali ya Uganda ikatangaza habari hiyo waziwazi katikati ya mwezi, na Kenya ikazuia mara moja kuku na mayai kutoka huko.

Tazameni mambo mawili katika habari ya Uganda. La kwanza, ndege wa mwitu walikuwa ndio ishara ya kwanza. Watu waliotoa habari za ndege waliokufa majini waliwasaidia wafugaji wa nchi nzima. La pili, ugonjwa ulipotangazwa, njia zilifungwa kwa wakati. Kama watu wa pwani ile wangaliwaokota ndege wale na kuwapika, au kuwatupa kimya kimya, pengine habari ingalijulikana baada ya kuku kuwa wamekwisha safirishwa kwa basi na pikipiki hadi mipakani.

SOMO LA MASHAMBA YA MPUNGA

Iko habari nyingine ambayo yafaa isikilizwe vizuri na ndugu zetu wa Mwea. Skimu ile ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1950, wakati Mwea ilipokuwa bado katika wilaya ya Embu, na sasa iko katika kaunti ya Kirinyaga. Tangu bwawa la Thiba lilipofunguliwa mwezi wa Oktoba 2022, maji ya skimu yameongezeka, na maji yakiongezeka ndege wa maji nao hupata makao. Tena kutoka Mwea hadi soko la Embu si mbali.

Huko Thailand, mwaka 2004, homa ya ndege iliwasumbua sana wafugaji. Wakulima wa mpunga wa nchi ile walikuwa na desturi ya kufuga bata wa kuchunga. Mpunga ukiisha kuvunwa, makundi ya bata hufunguliwa shambani ili wale punje zilizoanguka na konokono. Shamba likiisha, bata hupakiwa kwenye lori na kupelekwa shamba jingine mbali. Ni desturi ya busara, maana chakula ni cha bure. Lakini wataalamu walipochora ramani ya ugonjwa, waliona kwamba mahali penye bata wengi wa kuchunga na mavuno mengi ya mpunga ndipo penye ugonjwa mwingi. Bata wa nyumbani walikutana na bata wa mwitu katika maji yale yale, wakapata virusi, hawakuonyesha ugonjwa sana, kisha lori likawachukua mpaka kwa kuku wa kijiji kingine. Serikali ilipozuia safari zile na kuwataka wafugaji wafungie bata wao, ugonjwa ulipungua.

Fikirini habari hiyo. Ndege wa mwitu alileta virusi mpaka shambani. Lakini aliyevipakia kwenye lori ni mwanadamu. Na hivyo ndivyo ilivyo karibu kila mahali: ndege huvichukua kutoka nchi hadi nchi, na sisi huvichukua kutoka boma hadi boma, kwa matenga, kwa viatu, kwa trei za mayai, kwa magunia ya mbolea.

KIDERI, ADUI ALIYEMO NYUMBANI

Wasomaji wengine watasema: Homa ya ndege ni habari ya Uganda na Thailand, lakini kuku wangu hufa kila mwaka, nao hufa kwa nini? Jibu mara nyingi ni kideri, ambacho wengi hukiita Newcastle kwa jina la mji wa Uingereza ambako kiligunduliwa mwaka 1926. Hapa Kenya kiliandikwa mara ya kwanza mwaka 1935. Tangu wakati huo hakijaondoka. Huja zaidi wakati wa upepo na ukavu, na wakati kuku wengi wanaposafirishwa, kama Desemba, mabasi yanapojaa watu wanaokwenda kwao kwa Krismasi na kuku chini ya viti.

Kuku mwenye kideri huzubaa, hushusha mabawa, huhema kwa mdomo wazi na kuharisha kijani. Wengine hupinda shingo na kuzunguka, au hupooza miguu. Kuku mwenye homa kali ya ndege hufa ghafla, au huvimba kichwa na uso, upanga wake na ndevu zake zikawa za rangi ya samawati au zambarau, na miguu ikaonyesha damu chini ya ngozi. Lakini msijidanganye: magonjwa haya mawili hufanana sana, na hakuna mtu, hata daktari mzoefu, awezaye kuyatenganisha kwa kutazama tu. Hapana budi mzoga upimwe katika maabara, kama ile ya Kabete au ya Karatina.

Kuna tofauti moja kubwa. Kideri kina chanjo rahisi, nayo hutengenezwa hapa hapa nchini na KEVEVAPI. Iko ile ya tone moja katika jicho, ambayo hustahimili joto kuliko zile za zamani, kwa hiyo yafaa kwa watu walio mbali na umeme. Kuku huchanjwa wakiwa wazima, kisha hurudiwa kila miezi mitatu au minne kama mtakavyoelekezwa na afisa wa mifugo. Chanjo haimponyi kuku aliyekwisha kuugua. Na kwa kuwa chupa moja yatosha kuku wengi kuliko wa boma moja, inafaa majirani wa skimu waungane, wachange, na wachanje siku moja.

Sasa sikilizeni faida ya pili ya chanjo, ambayo watu wengi hawaifikirii. Chanjo ya kideri haizuii homa ya ndege. Lakini ikiwa kuku wa kijiji kizima wamechanjwa vizuri, kisha waanze kufa kwa wingi, mtajua mara moja kwamba hiki si kideri cha kila mwaka. Kijiji kisichochanja husema, "Ni ule ugonjwa wetu wa siku zote," na wiki mbili hupita bila habari kufika ofisini. Kijiji kilichochanja hushtuka siku ya kwanza. Katika ugonjwa kama huu, wiki mbili ni muda mrefu sana.

HESABU YA KUKU WAGONJWA

Hapa ndipo penye jaribu, na yafaa tuseme kweli. Kuku wakianza kufa, mawazo ya kwanza ya mwenye boma ni kuwauza waliobaki. Si kwa ubaya. Kuku ndio benki ya mama katika nyumba nyingi za Meru na Embu. Ada ya shule ikipungua, dawa ikihitajiwa, au mgeni akija, tenga ndilo hufunguliwa. Mtu hawezi kuitazama benki yake ikifa asitende neno.

Basi tufanye hesabu ya mfano, kama darasani. Tuseme mama mmoja ana kuku 26. Sita wamekufa. Asubuhi anawapeleka 20 waliobaki sokoni, akawauza kwa Shs. 500 kila mmoja. Amepata Shs. 10,000. Tuseme walinunuliwa na watu kumi, kila mtu kuku wawili, na kila mnunuzi ana kuku wengine 30 nyumbani kwake. Sasa kuku 300 wako hatarini. Wakifa tisa katika kila kumi, ni kuku 270. Kwa bei ile ile, hasara ni Shs. 135,000.

Shilingi elfu kumi zimeokolewa, na shilingi laki moja na elfu thelathini na tano zimepotea. Nazo hazikupotea kwa watu wasiojulikana. Soko ni la tarafa yetu. Wanunuzi wale ni jirani, shemeji, mwalimu wa watoto, na mama wa kikundi kimoja cha kuweka akiba. Baada ya miezi miwili, mama yule akitaka kuanza tena kufuga, atanunua vifaranga kwa nani? Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika kuku, humuumbua yeye na kijiji chake pia.

Kutoa habari si hisani tu, ni sheria vilevile. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama yamtaka mwenye mnyama au mtunzaji wake kupeleka habari za ugonjwa wa kuambukiza ulioorodheshwa. Lakini mimi naona kwamba hesabu ile ya shilingi yaeleza vizuri zaidi kuliko sheria.

MASWALI YA DIRISHANI

Kazi yangu ni kuandika na kupokea karatasi katika ofisi ya kilimo, wala mimi si daktari wa mifugo. Lakini watu wanaokuja dirishani huuliza maswali ambayo yamejibiwa na wataalamu, nami nimeyakusanya hapa.

Je, tuwapige ndege wa maji au tuwatilie sumu? La. Ndege wakipigwa hutawanyika, na waliokuwa bwawa moja huenda mabwawa kumi. Mashirika makubwa ya dunia ya kilimo na ya afya ya wanyama yamekataza njia hiyo. Sumu ni mbaya zaidi. Huko Bunyala, magharibi ya Kenya, watu waliwahi kuwategea ndege wa mashamba ya mpunga kwa sumu ya kuua wadudu, kisha wakauza nyama yao. Mtu anayekula nyama hiyo hula sumu, na maji ya mfereji ndiyo hayo hayo yanayonywewa na ng'ombe.

Je, kwelea na yangeyange nao? Hao si katika wachukuzi wakuu wa homa hii. Wachukuzi wakuu ni ndege wa maji niliowataja. Lakini kunguru, njiwa na shorewanda wanaokula pamoja na kuku waweza kuchukua uchafu kwa miguu kutoka boma moja hadi jingine. Dawa ni kufunika chakula.

Je, nyama na mayai yafaa kuliwa? Kuku mzima aliyechinjwa vizuri na kupikwa mpaka ndani hana hatari, maana joto la nyuzi 70 huviua virusi. Mayai yapikwe mpaka kiini kigande. Lakini kuku aliyekufa mwenyewe, au aliyechinjwa akiwa mahututi, asiliwe. Hatari kubwa haiko mezani. Iko wakati wa kumchinja na kumnyonyoa, maji yanaporuka usoni na watoto wakiwa wamezunguka.

Je, nikitoa habari, kuku wangu wote watauawa? Ikithibitishwa kuwa ni homa kali ya ndege, kuku wa mahali pale huuawa ili wengine waokoke. Sitawaficha neno hilo. Lakini jueni kwamba kuku wale walikuwa wakifa vilevile. Na mara nyingi maabara huonyesha kwamba ni kideri au ugonjwa mwingine, na mkulima huelekezwa la kufanya.

Je, bata na kuku wakae pamoja? Hapana. Bata aweza kubeba virusi bila kuugua, na kuku akafa kwa virusi hivyo hivyo. Bata wawe na banda lao na maji yao, wala wasiachwe kuogelea bwawani pamoja na bata wa mwitu, hasa kati ya Oktoba na Aprili.

YATUPASA KUFANYA NINI

Mambo ya kufanya si ya gharama kubwa. Yanataka bidii na desturi.

1. Kuku wawe na banda la kulala, lenye hewa na mlango wa kufungwa. Walishwe na kunyweshwa chini ya paa, ili kinyesi cha ndege warukao kisianguke chakulani.

2. Msiwanyweshe maji ya bwawa, mto au mfereji wa skimu bila kuyatia dawa ya klorini au kuyachemsha. Maji ya kisima au ya mfereji wa nyumba ni bora.

3. Kuku mgeni, awe wa kununua, wa zawadi au wa mahari, akae peke yake siku 14 kabla ya kuchanganywa na wenzake. Vivyo hivyo kuku aliyerudi sokoni bila kuuzwa.

4. Wekeni viatu vya bandani ambavyo havitoki bandani. Mchuuzi wa kuku asiingie bandani. Aonyeshwe kuku nje, na matenga yake yasitue karibu na banda. Trei za mayai zioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani.

5. Mbolea ya kuku inunuliwayo kwa magunia kwa ajili ya kahawa na mboga irundikwe mbali na banda, ifunikwe, na iachwe ioze wiki kadhaa kabla ya kutumiwa. Kuku wasiipekue.

6. Chanjeni kideri mnamo Septemba, kabla ya wageni wa kaskazini kufika na kabla ya safari za Krismasi, kisha mrudie kwa wakati wake. Ulizeni katika ofisi ya mifugo, au katika chuo cha wakulima kama Kaguru.

7. Kuku kadhaa wakifa ghafla, msiuze, msigawe, msile, wala msitupe mizoga mtoni. Wafungieni waliobaki. Toeni habari siku ile ile kwa afisa wa mifugo au kwa chifu. Mizoga isiyohitajiwa kupimwa izikwe shimo refu, zaidi ya mita moja, na itiwe chokaa kabla ya kufukiwa.

8. Mkiona ndege wa maji wengi wamekufa mahali pamoja, iwe Kamburu, Thiba, Ziwa Nkunga au bwawa lolote, msiwaguse. Waambieni watoto wanaochunga wasiwaokote. Pelekeni habari kwa afisa wa mifugo au Shirika la Wanyamapori, KWS.

9. Mwenye kushika kuku mgonjwa afunike pua na mdomo, avae mifuko ya plastiki mikononi ikiwa hana glavu, na anawe kwa sabuni. Akipata homa na kikohozi katika siku zinazofuata, aende hospitali, na amwambie daktari kwamba alishika ndege wagonjwa. Asingoje kuulizwa.

Wakulima wa skimu mna faida moja ambayo wengine hawana. Mashamba yenu yamepangwa kwa namba, mna kamati, mna zamu za maji, na mmezoea kukubaliana siku ya kufungua mfereji na siku ya kuufunga. Mtu mmoja akivunja zamu ya maji, mpunga wa jirani hukauka, na kila mtu hulijua jambo hilo. Ugonjwa wa kuku ni vivyo hivyo. Kamati iweze kuweka siku ya chanjo kama iwekavyo zamu ya maji, na iweze kumchagua mtu mmoja katika kila kitongoji wa kupokea habari za kuku waliokufa na kuzipeleka mbele kwa simu siku ile ile.

Na yule mwenye kupeleka habari asichekwe wala asilaumiwe. Hili ni jambo la wazee na viongozi wa kamati. Mama anayesema kweli juu ya kuku wake watatu waliokufa, huku akijua kwamba huenda akawakosa wote, ameiokoa benki ya akina mama mia moja. Kijiji kikimwonyesha shukrani, hata kwa kumpa kila jirani kifaranga kimoja ugonjwa utakapokwisha, mwingine naye atasema kweli mwaka ujao. Kijiji kikimtenga, kila mtu atajifunza kunyamaza.

Wageni wa kaskazini watakuja tena Septemba, kama walivyokuja tangu zamani, kabla mabwawa haya hayajajengwa. Hatuwezi kuwazuia, wala hakuna haja. Waacheni majini. Fungeni milango ya mabanda, funikeni chakula, chanjeni kwa wakati, na mkiona ajabu msikae kimya. Haya, shime!